Majogoo wa Mgongoni

Cherehani yangu ilinitangulia kuolewa. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu Tabora ambao mpaka leo wanaamini ni mume wangu aliyeninunulia alipopewa uhakimu, eti mke wa mkubwa apate kitu cha kupotezea mchana. Sivyo. Kushona nilifundishwa na masista wa misheni, nikashona sare za shule, mapazia ya kanisa na magauni ya maharusi watatu kabla sijashona langu mwenyewe. Siku tulipohamia pamoja, mimi nilileta cherehani iliyoviringishwa ndani ya blanketi, yeye akaleta kalamu ya wino na koti moja. Kati yetu, mwenye kazi ya kueleweka nilikuwa mimi.

Kisha Mwingereza akampandisha cheo. Alikuwa karani, akawa hakimu wa baraza, na mimi nikaamka asubuhi moja nikiwa mke wa hakimu bila mtu kuniuliza kama ninataka. Wanawake wa umri wa mama yangu walianza kuniamkia shikamoo sokoni. Kumjibu marahaba mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga kulinishinda, basi nikawa nakohoa tu, na habari ikaenea kwamba mke wa hakimu ana kifua kibovu.

Wateja nao waliongezeka. Nilikuwa nashonea kwenye veranda ya nyumba yetu, iliyotazama barabara ya kwenda boma, na ukuta wa nyuma yangu ndio uliokuwa daftari langu. Kila mteja nilimpima, nikaandika vipimo vyake ukutani kwa chaki pamoja na jina lake, nikifuta baada ya nguo kuchukuliwa. Kabla ya uhakimu ukuta ulikuwa na majina sita au saba. Baada ya uhakimu, chaki ilifika darini, na ilinibidi nipande kigoda ili nisome kiuno cha mtu.

Nilidhani ni mikono yangu. Naona aibu kidogo kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyodhani: kwamba hatimaye mji umefunguka macho ukaona pindo langu lilivyonyooka. Aliyenitoa ujingani ni mama mmoja aliyekuja kwa gari moshi kutoka Kaliua, na Kaliua kulikuwa na mafundi wake. Alinipa kitambaa kizuri cha popilini, nikamuuliza anataka mtindo gani.

"Wowote," akasema.

Nikamuuliza kuhusu mikono.

"Hata isipokuwapo."

Mwanamke anayekuletea popilini akakuambia ushone wowote, huyo hakufuata gauni. Nilipompima kifua alianza kunieleza habari za ng'ombe wa kaka yake. Nilipofika kiunoni, ng'ombe walikuwa wamechukuliwa na shemeji mwongo. Nilipopiga goti kumpima urefu, aliniinamia akaniambia kwa upole kwamba rufaa yao itasikilizwa Jumatano, na kwamba mimi naonekana mtu wa huruma. Nikabaki nimepiga goti pale, futi mkononi, nikiutazama ukuta wangu kwa macho mengine.

Mume wangu alikuwa mtu mnyoofu kupita kiasi. Habari za barazani hazikuwahi kuingia nyumbani kwetu hata kwa bahati mbaya. Nikimuuliza siku ilikuwaje, alijibu, "Jua kali." Hata nguo zake hakuniruhusu nizishone wala kuzitia kiraka, tangu apate cheo, watu wasije wakasema hakimu anavaa vinavyotoka kwenye veranda ile. Alipeleka kwa fundi wa dukani sokoni, mwanamume mwenye mshono wa kushonea magunia. Kila nikimwona mume wangu anaondoka asubuhi na kola iliyopinda, moyo uliniuma kama mpishi anayemwona mumewe anakula kwa jirani.

Siku moja alirudi kula mchana, hakukaa. Alizunguka mpaka veranda, akavaa miwani, akaanza kuusoma ukuta wangu toka juu.

"Huyu ana kesi Jumatatu," akasema. "Huyu ana rufaa. Huyu ndiye anayemdai mwenzake shamba. Na huyu anayedaiwa shamba, umemwandika chini yake, kiuno arobaini." Akashuka zaidi. "Huyu nimemfunga jana."

"Mkewe amekuja kuchukua gauni leo asubuhi, akaliacha," nikasema. "Hakulipenda tena."

Ndipo akanieleza. Bwana Shauri, mzungu aliyekuwa mkubwa wa wilaya, amepata barua isiyo na jina. Barua inasema majina yaliyobandikwa nje ya baraza na majina ya ukutani kwa mke wa hakimu ni yale yale, na kwamba Tabora siku hizi anayetaka ng'ombe wake arudi, kwanza ashone gauni. Bwana Shauri atakuja mwisho wa mwezi kuketi barazani na kukagua kitabu cha mashauri. Kama hakuridhika, kati ya uhakimu na cherehani kimoja kitaondoka.

Hakusema kipi. Hakukuwa na haja. Nani alishawahi kusikia mtu ameacha uhakimu kwa ajili ya marinda? Nilikasirika mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilimwambia kwamba yeye alipewa kazi yake na serikali, na serikali inaweza kumpa nyingine kesho, lakini yangu nilijipa mwenyewe, na sina wa kunirudishia.

"Najua," akasema. Lakini ukuta aliutaka ufutwe, na nikaufuta, nikahamia kwenye daftari la shule. Tena akaweka sharti: kila mteja, kabla sijagusa kitambaa chake, nimuulize kama ana kesi barazani. Mwenye kesi nimrudishe.

Sharti lilikuwa zuri kwa mtu asiyewajua watu wetu. Wa kwanza niliyemuuliza alitazama huku na huku, akanong'ona, "Ninayo, mama, ndogo tu." Nilipomwambia basi siwezi kumshonea, aliondoka akifikiri kesi ndogo haitoshi. Kesho yake alikuja jirani yake. "Una kesi barazani?" nikamuuliza. Akafikiri kidogo. "Sina bado," akasema, "ila kuna mwanamume amepitisha mbuzi kwenye mihogo yangu, kama inahitajika naweza kumshtaki." Katika wiki mbili nilikuwa nimeuonyesha mji mzima, kwa kinywa changu, kwamba kwangu hashonewi mtu mpaka ajadiliwe kesi yake. Barua ile ilikuwa uwongo ilipoandikwa, nami ndiye niliyekuwa naifanya kweli.

Sasa niwaeleze habari za mtani wangu, kwa kuwa bila yeye hadithi hii ingeishia hapo, na cherehani ikarudi kwenye blanketi.

Alikuwa Mzaramo, mke wa mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa Tabora kutoka pwani. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani na kupandisha vitambaa vya merikani. Mtani ana haki ambazo ndugu hana. Anaweza kukutukana msibani, akachukua jogoo wako uani, akakalia kiti chako, na ukinuna wewe ndiye mkosaji. Huyu wangu alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita gari moshi lisimame, na hakuwahi kunipita bila neno.

"Mpagazi," ananiita toka barabarani. "Babu yako alitubebea mizigo mpaka akatoka kipara."

"Alibeba, mtani. Na mzigo wenyewe ulikuwa babu yako."

Hapo roho zetu zilitulia, akaingia, akanywa chai yangu bila kukaribishwa.

Aliniletea kitambaa cha majogoo. Kitambaa cheupe, na majogoo wekundu wakubwa, kila mmoja kifua mbele, wanawika. Alikitoa Dar es Salaam na alikipenda kuliko mumewe, alisema mwenyewe. Nami wiki hiyo nilikuwa na watu tisa wa kuulizwa kesi na kurudishwa, kichwa kimejaa ng'ombe na mihogo. Nilikikunja kitambaa, nikakata mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja. Gauni lilimkaa vizuri ajabu. Alilivaa kwenda ngoma Jumamosi, na huko ndiko watu walipomwambia ageuke.

Mbele majogoo walikuwa wamesimama kwa miguu. Nyuma wote walisimama kwa vichwa.

Anayeshona atanielewa. Kitambaa chenye wanyama kina juu na chini, na ukikikunja vibaya, nusu ya mifugo inaanguka. Kosa la mwanafunzi. Kama angekuwa mteja mwingine ningelia, lakini kwa kuwa alikuwa mtani, nilifanya kiburi. "Wa nyuma wamekufa kwa kubeba makalio yako," nikamwambia, na yeye akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa wiki nzima alipita mbele ya veranda yangu akirudi kinyumenyume, ili nione msiba. Ulikuwa utani mzuri. Tungeendelea nao mpaka uzeeni.

Lakini siku moja alimsindikiza jirani yake barazani. Shauri la jirani lilipokwisha, karani akauliza kama kuna mtu mwingine mwenye dai. Mtani wangu hakuweza kujizuia. Akasimama, gauni likiwa mwilini, akatangaza kwa sauti ile ya gari moshi, "Mimi namshtaki mke wa hakimu. Ameniulia majogoo kumi na wanne." Watu wote wakaangua kicheko. Mume wangu alikuwa ametoka kunywa maji.

Karani hakucheka. Alikuwa mgeni, mtu wa Bukoba, mwezi wake wa kwanza Tabora. Kwao, alinieleza baadaye, mtu akisema anakushtaki, amekushtaki. Akachovya kalamu, akaandika jina la mtani wangu, akaandika langu, akaandika "majogoo 14, wameharibiwa", akatia namba.

Na kitabu cha mashauri hakikuwa kitu cha mchezo. Kurasa zilihesabiwa, namba zilifuatana, na aliyefuta au kuchana ukurasa alipoteza kazi yake. Kitu kikishapata namba, ilikuwa lazima kisikilizwe na kihukumiwe. Mtani wangu alipoelewa alichofanya, alikuja kwangu akikimbia, na sikuwahi kumwona akikimbia. Alinisihi nimwambie mume wangu kwamba alikuwa anatania. Nilimwambia. Mume wangu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Itasikilizwa Alhamisi," akasema. Alhamisi ndiyo siku aliyokuja Bwana Shauri.

Nilivaa gauni langu bora, lililonyooka, kwa kuwa nilijua wanaoshona watalitazama. Baraza lilijaa mpaka madirishani. Wazee wanne washauri waliketi kwenye benchi lao, Bwana Shauri akaketi pembeni, kofia gotini, na mume wangu akaketi katikati. Mashauri mengine yalipita. Kisha karani akasoma namba yetu na kuniita, mshtakiwa.

Mume wangu hakunitazama kama mume. Alinitazama kama anavyowatazama washtakiwa wengine wote. Alitangulia kusema, watu wote wasikie, kwamba mshtakiwa ni mkewe, na kwamba kama mlalamikaji hana imani na hakimu, shauri lipelekwe kwa mwingine.

"Imani ninayo, Bwana Hakimu," akasema mtani wangu kwa sauti ambayo sikujua anayo, ndogo kama ya bibi harusi. "Shauri ndilo sina. Huyu ni mtani wangu. Nilikuwa natania."

"Gauni limeharibika au halikuharibika?"

Mtani wangu akanitazama. "Limeharibika," akasema. "Lakini kwa utani."

Akaambiwa ageuke. Akageuka. Wazee wanne wakasogea mbele, mmoja akainamisha kichwa mpaka karibu aanguke, ili awaone majogoo wakiwa wamesimama. Walinong'onezana. Mzee mmoja alisema hajaona kosa, kwa sababu mwanamke akiinama shambani majogoo wa nyuma watakaa sawa. Mwingine akasema basi wa mbele watapinduka. Bwana Shauri alikuwa anaandika kitu, masikio mekundu.

Ikafika zamu yangu. Ningeweza kunyamaza na kukiri. Lakini nilikuwa na hasira za mwezi mzima, nikajitetea. Nilisema mimi ni fundi wa miaka kumi. Nilisema mtu hajioni mgongo, kwa hiyo mlalamikaji mwenyewe hakuharibikiwa na kitu, walioharibikiwa ni wanaotembea nyuma yake. Watu walicheka, nikadhani nimeshinda.

"Mshtakiwa," akasema mume wangu, akainua mkono kutuliza watu, na hapo nikaona koti lake limefumuka kwapani, tundu la kupitisha ngumi, mbele ya mji mzima. Karibu niseme kitu. "Ulikikata kitambaa hiki wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ulikuwa unajua kwamba kina juu na chini?"

Pale ndipo aliponikamata. Kusema sikujua ni kusema mimi si fundi. Kusema nilijua ni kukubali kosa. Aliniwekea njia mbili na alijua nitachukua ipi, kwa kuwa ananijua.

"Nilijua," nikasema.

Akahukumu. Mshtakiwa ametenda kazi yake kwa uzembe. Atatafuta kitambaa kingine cha aina ile ile kwa gharama yake, atashona upya, na mlalamikaji atabaki na lile la kwanza pia. Alisoma polepole ili karani apate kuandika. Mtani wangu alianza kulia. Mimi sikulia, lakini niliumia, na sitasema vingine: niliona aibu, na niliona kwamba amenitupa mbele ya watu ili aokoe kiti chake. Bwana Shauri alitia sahihi kitabuni, akasema kwa Kiswahili chake cha kunyooka kwamba kama magauni ya mama huyu yananunua hukumu, basi mama mwenyewe amenunua mbovu kuliko zote. Akavaa kofia akaondoka. Cherehani ilikuwa imepona, na mimi sikuwa na hamu nayo.

Mji ulielewa haraka kuliko mimi. Jioni hiyo hiyo watu walianza kuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonwa. Mwanamume mmoja alimletea mkewe ujumbe mbele yangu kwamba arudi nyumbani na popilini, kwa maana kama mwenye veranda mwenyewe ameshindwa, sisi tutapata nini. Katika siku nne daftari langu lilibaki na majina matano. Yule wa mbuzi na mihogo alisema ameamua kusamehe.

Kitambaa cha majogoo hakikuwepo duka lolote la Tabora. Nilipanda gari moshi mpaka Kaliua, nikakipata kwa Mwarabu mmoja, kipande cha mwisho. Kutoka dukani nikakutana na yule mama wa ng'ombe. Rufaa yao walikuwa wameshindwa, na nilitamani ardhi inimeze.

"Nasikia na wewe umeshindwa," akasema.

"Nimeshindwa."

"Nani alikuhukumu?"

"Mume wangu."

Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la mpunga la mtu. Kisha akasimama, akajifuta macho, akaniambia anataka lile gauni lake la popilini nilifumue. Kola iwe ya duara. Mikono ifike kwenye kiwiko na iwe na puto begani, si kubwa. Marinda sita mbele, na nyuma yasiwepo. Aliongea mpaka gari moshi likapiga honi. Nilirudi Tabora nimeshika majogoo mapajani, nikiwa na furaha ambayo sikutaka kumwonyesha mume wangu.

Maana nilikuwa sijasema naye. Nilimpakulia ugali, nikampa maji ya kunawa, nikamjibu "jua kali" kwa kila alichouliza. Aliivumilia wiki moja na siku mbili.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na wateja wawili kwenye benchi la veranda, mke wa mwalimu na bibi mmoja wa kiremba. Walikuja kushonewa nguo, si kingine. Nikainua kichwa, nikamwona mume wangu ameketi mwisho wa benchi, nyuma ya yule bibi, koti limekunjwa mapajani. Barabara imejaa watu wa sokoni. Hakimu amepanga foleni. Watu walikuwa wanapunguza mwendo.

Sikumpendelea. Nilimmaliza mke wa mwalimu, nikammaliza bibi aliyetaka kubadilisha mawazo kuhusu vifungo, kisha nikasema, "Anayefuata."

Akaja, akaniwekea koti mezani, tundu la kwapani juu. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu.

"Una kesi barazani?"

"Ninayo," akasema. "Ila si barazani. Ipo hapa."

Nilichukua futi, nikamwambia asimame wima. Nilikuwa najua vipimo vya nusu ya wanawake wa Tabora, na miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kumpima mume wangu. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia kwa upana wa vidole viwili. Ndiyo maana kola zake zilikuwa zikipinda. Yule fundi wa sokoni sikuwa nimemtendea haki, au labda yeye hakuwa amejali kutazama.

Nikaacha daftari mezani. Nikachukua chaki, nikapanda kigoda, na pale juu ukutani, mahali ambapo mtu akienda boma hawezi kukosa kuona, nikaandika kwa herufi kubwa: Hakimu, kifua thelathini na nane, bega la kushoto limeshuka. Nikamtazama kama ataniambia nifute.

"Ongeza," akasema, "kwamba sina haraka."